Mbona kwa mwenyewe ni bei rahisi? Maswali tunayoulizwa kila wiki dukani

Duka letu liko Kinondoni, fremu mbili zilizotobolewa ukuta zikawa moja. Tunauza vikapu vya milulu kutoka Iringa, asali ya Tabora, kahawa ya Kagera, sabuni ya mwani kutoka Unguja, batiki, na vijiko vya mbao ambavyo haviishi kuulizwa. Karibu kila kitu kinatoka kwenye vikundi, na vingi ni vya akina mama. Tulipoanza, mteja alikuwa anauliza "mnapunguza?" Siku hizi anauliza "namba ya mwenyewe mnayo?" Wazalishaji nao wana maswali yao, na wenye maduka wenzetu wana yao. Tumeyaandika hapa yote, maana mengine nimeyajibu mpaka sauti imekauka.

Kikapu hiki nimekiona kwenye stetasi ya kikundi kwa 22,000. Hapa mnauza 36,000. Si wizi huu?

Si wizi, ila una haki ya kuuliza, na jibu lake ni hesabu. Kikundi kinatuuzia kwa 20,000. Tofauti ni 16,000, na najua inavyosikika: bado kidogo ununue kikapu cha pili.

Anza na kodi. Mauzo yetu ya mwaka yanavuka shilingi milioni 200, kwa hiyo tumesajiliwa VAT. Kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18, ndani ya ile 36,000 mna shilingi 5,492 ambazo zinapita tu mkononi mwetu kwenda TRA. Kikundi hakijasajiliwa, hakitupi risiti ya VAT, na sisi hatuna cha kudai upande wa manunuzi. Kodi yote inakaa juu ya kikapu chetu. Zinabaki 10,508. Humo toa usafiri wa marobota kutoka Iringa, pango ambalo mwenye nyumba anataka la miezi sita kwa mkupuo, mishahara ya dada wawili, luku, mifuko, makato ya lipa namba. Halafu toa vikapu vilivyofika vimebonyea au rangi imechuja. Kwenye robota la vikapu 60 hukosi viwili vitatu vya namna hiyo, na huwa haturudishi, hasara tunaimeza.

Mwezi mzuri, kikapu kimoja kinatuachia kama 2,000. Masika, mvua ikinyesha wiki nzima na Jangwani pamefungwa, hakituachii kitu.

Kwa hiyo mnanishauri nisinunue kwa kikundi moja kwa moja?

Nunua. Hasa kama unataka vingi, au uko safarini unapita Iringa na nafasi kwenye buti unayo. Ukitaka vikapu 30 vya zawadi za harusi, kupitia kwetu ni kujiumiza, na tutakupa namba sisi wenyewe.

Kimoja ndicho chenye kasheshe. Kuna mteja alipiga hesabu mbele yangu, kwa sauti, akidhani ananikomesha. Kikapu 22,000. Ya kutolea, kwa sababu mama hawezi kupokea hela pungufu. Kifurushi kwenye basi 5,000. Bodaboda kutoka stendi ya Magufuli kule Mbezi mpaka kwake Mikocheni 7,000. Alipofika hapo akanyamaza, akakiangalia kile alichokishika, akauliza kama kuna chenye mpini mrefu.

Wateja wanapiga picha lebo zenu, wanatoka nje wanampigia mwenyewe. Hamuumii?

Tuliumia. Hili nitalieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu nilifanya jambo la aibu.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Dada mmoja, nadhifu, mwenye haraka, alichagua kikapu chenye mistari ya zambarau, akakigeuza, akasoma lebo, akaipiga picha. Akakirudisha rafuni vizuri tu, akakinyoosha na mpini. Mlango wetu ni wa kioo, kwa hiyo nilimwona akisimama chini ya mwembe wa jirani, simu sikioni, mkono wa pili ukipima ukubwa hewani kana kwamba wa upande wa pili anamwona.

Lebo hizo tulizichapisha wenyewe na kwa fahari. Jina la aliyesuka, kijiji chake, namba ya simu ya kikundi. Wenye maduka wengi hawakutajii wanakochukua mzigo hata uwape chai. Sisi tulisema tutaweka kila kitu mezani, kwa sababu ndiyo maana ya kujiita duka la haki, yaani la biashara ya haki kwa mzalishaji. Sasa uwazi wenyewe ukawa ndio mlango wa nyuma. Muuza nguo za mtumba hana shida hii, hakuna mteja anayeweza kumruka akampigia aliyeshona.

Jioni ile nilichukua mkasi nikakata namba ya simu kwenye lebo zote za rafuni, moja baada ya nyingine, mia na ushee. Dada wa duka alikuwa anafagia. Hakusema neno, ila alifagia vile vipande mara mbili.

Siku nne baadaye mwenyekiti wa kikundi akapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hivi huko kwenu mtandao haupo? Wiki hii hajanipigia mtu hata wa kukosea namba."

Nikamweleza ukweli, sikuwa na pa kujificha. Alicheka muda mrefu, bando lake likiliwa, kisha akaniambia kitu nisichokijua. Wengi waliokuwa wanampigia kutoka dukani kwetu hawakununua kwake. Waliuliza bei, wakauliza lini kitafika, wakisikia habari za basi wanasema, "Basi mama, nitakichukua hapa hapa." Si wote. Yule wa mistari ya zambarau alinunua kwake, tena vinne. Lakini nusu ya wateja niliodhani nimeibiwa walikuwa wamerudi ndani bila mimi kujua kwamba wametoka.

Tulichapisha lebo upya, na namba ikarudi.

Mimi ni mzalishaji. Nikiuza mwenyewe mtandaoni, mtaacha kununua kwangu?

Hapana. Ukiuza kwa bei gani, hapo ndipo tunapohitaji kuzungumza.

Ukiuza mwenyewe unakuwa watu wawili. Yule anayesuka analipwa 20,000. Na yule anayepiga picha, anayenunua bando, anayejibu "bei?" mara 40 kwa siku, anayemsubiri mteja wa "nitakucheki mwisho wa mwezi", anayepeleka kifurushi stendi na kugombana na kondakta, huyo analipwa nini? Kwa bei ya 22,000 analipwa 2,000, na humo humo kuna bando. Tulikaa na mama mmoja wa kikundi cha sabuni tukahesabu saa zake za wiki kwenye simu. Zilifika 11. Alikuwa anauza vipande 25 kwa wiki na kupata 500 ya ziada kwa kila kipande. Shilingi 12,500 kwa saa 11, mtu ambaye akiwa kwenye sufuria ya sabuni saa hizo anatengeneza mzigo wa mwezi.

Tena bei inatembea. Ukiitangaza rejareja kwa 22,000, mteja wa Dar anajua kikapu ni 22,000. Kesho anayekuja kununua 100 kwa jumla atakuambia nipunguzie, mbona mmoja mmoja unauza 22,000? Utamshusha mpaka 16,000. Umejikata mwenyewe kwa kisu chako, na duka wala halikuwepo.

Ushauri wetu ni huu: uza mwenyewe, uza sana, lakini uza kwa bei ya rejareja. 32,000, hata 34,000, ni juu yako. Ile tofauti ni mshahara wa yule mtu wa pili.

Hiyo si ndiyo kupanga bei? Sheria inaruhusu?

Hapa tunakwenda kwa uangalifu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC, inakataza washindani kukubaliana bei. Inakataza pia washindani kuungana kumsusia mtu. Kwa hiyo kama kuna mwenye duka anasoma hapa na ana wazo la kuwakusanya wenzake kwenye kundi la WhatsApp waseme "anayeuza moja kwa moja tusinunue kwake", ajue anakotuingiza. Tuliwahi kualikwa kwenye kundi la namna hiyo. Tulitoka kabla hata picha ya kundi haijawekwa.

Sisi tunamwonyesha mzalishaji hesabu, kama tulivyoionyesha hapo juu. Bei anaamua mwenyewe, na akiamua 22,000 hatumwadhibu. Tutapunguza oda kama kikapu hakitoki rafuni, kama ambavyo tungepunguza cha mtu mwingine yeyote.

Kwa nini msiwafunge kwa mkataba wauze kwenu peke yenu?

Tulijaribu mara moja, kwa kikundi cha batiki. Tuliwaambia Dar nzima ni yetu. Halafu tukapata miezi mitatu mibaya na hatukuweza kununua, na wao mikono imefungwa. Hatujarudia tena.

Ninyi si ndio mnaohubiri haki kwa mzalishaji? Haki ingekuwa mtu wa kati aondoke.

Hili huulizwa zaidi na vijana wa chuo, na ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Chuki juu ya mtu wa kati nchi hii haikuanza na Instagram. Wakulima wa Kilimanjaro walipounda chama chao cha kahawa mwaka 1925, na chama kikuu cha ushirika, KNCU, kikafuata mwaka 1933, walitaka kuuza kahawa yao kwa pamoja badala ya kila mmoja kumkabili mnunuzi peke yake. Walifanikiwa. Lakini angalia walichokuwa nacho baada ya kufanikiwa: maghala, makarani, mizani, madaftari, ofisi Moshi mjini. Kazi ya mtu wa kati haikufa, ilihamia kwao, na ikawa lazima ilipwe.

Mwaka 1976 serikali ikaja na Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, ya vijiji na ya ushirika yachukue nafasi yao. Mwaka huo huo vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa. Wazee wetu wanayakumbuka yaliyofuata. Kumfunga mwenye duka ilikuwa kazi ya siku moja, ila kuagiza sabuni, kuisafirisha, kuihesabu na kuwa na mtaji wa kununua nyingine kabla ya kwanza haijaisha, hayo hayafanywi kwa tangazo. Vyama vikuu vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Maduka ya watu yalirudi pia, polepole.

Mtu wa kati anayestahili kuondoka yupo. Ni yule anayenunua kwa lumbesa, anayekopa mzigo akazima simu, anayemwambia mama wa Singida kwamba asali imeshuka bei wakati Dar imepanda. Mzalishaji akimruka huyo, sisi tunapiga vigelegele. Na sisi tukifika mahali ambapo kazi yetu ni kuweka kikapu rafuni na kusubiri tu, turukwe. Duka lisilobeba mzigo wowote wa mzalishaji halina sababu ya kudai 16,000 yake.

Na ninyi mnabeba mzigo gani, kwa ukweli?

Wa fedha, kwanza. Pale Dar neno ni mali kauli: chukua bidhaa, uza, ndipo umlipe mwenyewe. Karibu maduka yote ya zawadi mjini yanafanya hivyo na vikundi, hata yenye picha za akina mama wanaotabasamu ukutani. Matokeo yake kikundi ndicho kinachomkopesha mwenye duka. Mama ananunua milulu na rangi leo, analipwa baada ya miezi mitatu, katikati hapo ada ya mtoto inafika, anakwenda kwa watu wa kausha damu. Riba ya kausha damu haionekani kwenye lebo yoyote, lakini imo kwenye kikapu.

Shirika la biashara ya haki duniani, WFTO, lina kanuni 10, na ya tatu inasema mzalishaji wa kazi za mikono akiomba, mnunuzi amlipe angalau nusu ya oda mapema, bila riba. Hiyo ndiyo tunayoifuata. Nusu tunapoagiza, nusu mzigo ukipokelewa na kuhesabiwa. Oda ya vikapu 120 ni shilingi milioni 2.4, kwa hiyo milioni 1.2 inaondoka mfukoni kwetu wiki nyingi kabla hatujauza hata kimoja.

Nitakuambia jambo ambalo wenzangu dukani hawapendi niliseme. Mteja wa stetasi naye analipa mapema, tena yote. Kwa hili anatushinda. Tofauti ni kwamba yeye ananunua kimoja na sisi 120, na mama akijua ana oda ya 120 anaweza kununua rangi kwa jumla na kumwita jirani aje wasaidiane.

Msambazaji wenu wa kahawa amefungua kibanda chake mwenyewe jirani na ninyi. Vipi?

Mmeona, ee? Kona ile ya pili, mwavuli wa kijani.

Hatutamtaja. Alikuwa msambazaji wetu kwa miaka sita, anakaanga vizuri, na pakiti zake zilikaa rafu ya mbele. Siku aliyofungua alituletea kikombe cha kuonja na tabasamu, na pakiti ile ile anaiuza chini ya bei tunayonunulia sisi. Narudia: chini ya bei yetu ya jumla. Hapo sikumwita ndugu siku mbili tatu.

Hili ni tofauti na la vikapu, na watu huchanganya. Mama wa Iringa akiuza mwenyewe anatafuta nauli ya maisha. Kampuni yenye mashine na gari inaposhuka rejareja kwa bei ya kuumiza maduka yaliyoijengea jina, huo ni ushindani wa kawaida wa biashara, hauhitaji huruma yetu na sisi hatuhitaji ya kwake. Tulifanya mambo mawili. Tuliacha kununua pakiti zake, na tukaanza kuchukua kahawa ya kikundi kingine cha Kagera ambacho hakina mtu Dar. Mauzo ya kahawa yalishuka karibu nusu mwaka wa kwanza. Sasa yamepanda, hayajafika yalipokuwa.

Kikombe chake ni kitamu bado. Nakunywa pale mara moja moja.

Mafundi wengine wanauza wenyewe na wanastawi. Kwa nini vikapu visiwe hivyo?

Kwa sababu fundi wa Mwenge anaishi Dar. Unaingia pale kwenye vinyago unamkuta na patasi mkononi, mwanae anapaka rangi ya viatu kwenye kifaru, unapatana naye uso kwa uso. Na Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, picha zake ziliuzwa pale Morogoro Stores, Oysterbay, karibu na nyumba za wenye fedha. Wafuasi wake waliunda chama chao cha ushirika mwaka 1990 na mahali ni pale pale. Mteja anakwenda kwa miguu au kwa bajaji. Kuuza moja kwa moja kunapendeza pale mteja na fundi wako mji mmoja. Milulu inaota Iringa, na wasukaji wana mashamba ya mahindi ambayo hayasubiri.

Sabasaba je?

Sabasaba ni ya kwao. Kikundi kinakuja viwanja vya Barabara ya Kilwa mwishoni mwa Juni, akina mama watatu wanalala kwa ndugu Mbagala, na kwa wiki mbili wanauza kuliko sisi kwa miezi miwili. Sisi hatuchukui banda. Tunawahifadhia marobota dukani na kuwapelekea asubuhi kwa kirikuu, basi.

Ugomvi wetu ni siku ya mwisho. Jioni ile vikapu vilivyobaki vinauzwa bei ya kutupa, 12,000, hata 10,000, ili wasirudi navyo. Kuna wateja wetu kabisa, nawajua kwa sura, wanaosubiri saa hiyo kama fisi na mkono wa mtu. Julai yote hatuuzi. Mwaka jana tuliwaambia akina mama: vilivyobaki vileteni kwetu, tutavinunua vyote kwa 20,000 ile ile. Vilikuwa 43. Kulipa ilituchukua mpaka Agosti, nakiri, lakini tulilipa.

Maduka kama yenu nje ya nchi yameishia wapi?

Mengine yapo, mengine yamekwenda. Marekani, Edna Ruth Byler alianza mwaka 1946 kuuza vitambaa vilivyotariziwa na akina mama wa Puerto Rico, akivibeba kwenye gari lake. Hicho ndicho kilichokuja kuwa Ten Thousand Villages. Uingereza, Traidcraft ilianza mwaka 1979, na Januari 2023 kampuni ikawekwa chini ya wafilisi. Uholanzi walianzisha lebo ya biashara ya haki ya Max Havelaar mwaka 1988, na kahawa iliyokuwa ikiuzwa na maduka madogo ya watu wa kujitolea ikaingia supamaketi. Kwa mkulima ilikuwa neema, mzigo uliongezeka. Kwa yale maduka madogo ilikuwa kama kulea mtoto akaoa mtaa wa pili na kuacha kusalimia.

Wengine wanasoma habari hiyo kama msiba. Mimi nikimfikiria mkulima, sioni msiba.

Mnapunguza?

Vikapu vitatu na kuendelea, ndiyo. Kimoja, hapana. Asali, hata usijaribu.

Naweza kuleta bidhaa zangu kwenu?

Karibu, Jumanne au Jumatano asubuhi, si Jumamosi. Njoo na sampuli tatu zilizotengenezwa siku tofauti, tuone kama zinafanana. Vyakula na vipodozi viwe na alama ya TBS. Kama bado, nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwanza wakuelekeze, ndiyo kazi yao. Na njoo na bei uliyoipiga hesabu, pamoja na saa zako. Ukituuliza "ninyi mnanunuaga shilingi ngapi?" tutakurudishia swali.

Kikundi cha Iringa kikifungua duka lake Dar, mtafanya nini?

Si jambo la kufikirika. Septemba walikuja wawili, mwenyekiti na mweka hazina, wakaniomba niwasindikize kuangalia fremu Mwenge. Nilikwenda. Wengine watasema nilikwenda kupeleleza, na kidogo ni kweli.

Fremu ilikuwa nzuri, mbele, vigae vipya. Mwenye nyumba alitaka 350,000 kwa mwezi, miezi sita kwanza. Mweka hazina alitoa daftari la mistari, lile la shule, akaandika 2,100,000, akaniuliza sisi kwenye kikapu tunaongeza ngapi. Nikamwambia 16,000, anajua siku zote. Akagawanya kwa mkono, polepole, ulimi nje kidogo. Vikapu 131 na ushee, kwa pango peke yake. Akauliza luku ya duka kama lile inakula ngapi. Akauliza atakayekaa humo atalala wapi. Mwenyekiti yeye alikuwa amesimama mlangoni anahesabu watu wanaopita, na hesabu yake ilimfurahisha kuliko ya daftari.

Walisema watajibu baada ya kikao cha kikundi. Mpaka leo hawajajibu. Oda ya Novemba tumeshaituma, vikapu 90 badala ya 120, na nusu ya hela wameipokea.